Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara kuu: Athi River hadi Nairobi ni lami moja, safari ni nyingi

Kwenu mnaosimamia barabara kuu za Kenya, kuanzia wizarani hadi kwa yule kijana anayejaza jedwali la urefu wa barabara,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni karani wa usafirishaji. Kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kujua lori liko wapi, limetembea kilomita ngapi, limekunywa dizeli kiasi gani na mwenye mzigo anadaiwa nini. Uhandisi sikuusomea. Lakini kilomita nazijua kama muuza maziwa anavyozijua lita zake, maana zikipungua mimi ndiye wa kwanza kuulizwa.

Nawaandikia juu ya kipande kimoja cha lami: kuanzia pale Athi River ambapo barabara ya Namanga inaungana na ya Mombasa, mpaka kuingia Nairobi. Ni kama kilomita 30 hivi. Anayetoka Mombasa atapita hapo, na anayetoka Namanga atapita hapo. Enzi zile barabara ya Mombasa ikiitwa A109 na ya Namanga A104, kipande hicho kilibeba namba zote mbili. Mpangilio ulipobadilishwa mwaka 2016, ile ya Mombasa hadi Malaba ikawa A8, na ile inayotoka Moyale hadi Namanga ikawa A2. Namba zilibadilika, ubia ukabaki palepale. A2 na A8 bado zinalala kitanda kimoja.

Juu ya hizo wekeni na barabara kuu za bara zima. Namba 4, ya Cairo hadi Cape Town, inaingia kwetu Moyale na kutokea Namanga. Namba 8, ya Lagos hadi Mombasa, inatujia kutoka Uganda na kuteremka pwani. Zote mbili zinakanyaga lami ileile ya Athi River. Wenyeji wa Mlolongo na Syokimau wanaiita Mombasa Road na hawana habari na namba yoyote kati ya hizo nne.

Swali langu ni dogo tu. Katika vitabu vyenu, kipande hiki ni kilomita 30 au 60?

Msicheke. Nimelizwa na swali hilo, tena kwa hesabu za senti.

Tulikuwa tukibeba mizigo ya mteja mmoja, jina lake halina haja hapa. Magunia yalipakiwa Namanga, yakashushwa kwenye bohari yake Nairobi, kisha lori hilohilo likapakia bidhaa nyingine na kuteremka nazo Mombasa. Malipo yalikuwa kwa kilomita. Nikaandika ankara yangu kama kawaida: Namanga hadi Nairobi, kilomita 165, Nairobi hadi Mombasa, kilomita 485. Jumla 650. Ankara ikarudi na wino mwekundu. Mkaguzi wao wa hesabu alikuwa amechora mduara na kuandika pembeni: "Athi River–Nairobi imehesabiwa mara mbili. Punguza 30."

Nikampigia simu. Nikamweleza kwamba lori lilipita hapo likienda Nairobi, likashusha, likapakia, likapita hapo tena likielekea Mombasa. Akanisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Ndugu yangu, barabara ni moja. Siwezi kulipia barabara moja mara mbili."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba yule bwana alikuwa sahihi kuhusu barabara na amekosea kuhusu lori. Ukitaka kujua kuna lami kiasi gani kutoka Namanga hadi Nairobi na kutoka Nairobi hadi Mombasa, jibu ni 620, kwa sababu zile 30 ni zilezile. Ukitaka kujua lori limetembea kiasi gani, jibu ni 650, kwa sababu matairi hayajui kwamba yalishapita hapo asubuhi. Yeye aliulizwa habari ya lori akajibu habari ya lami. Kwa safari arobaini za mwezi ule zilikatwa kilomita 1,200, na Mombasa hadi Malaba penyewe hapafiki elfu moja. Ni kama tuliendesha lori nchi nzima bure, na dizeli tukanunua wenyewe.

Nilipomuuliza alikotoa wazo la kupunguza, alinijibu kwamba yeye alichukua tu orodha ya barabara na urefu wake, akaona namba mbili zinagusana, akaogopa kulipa mara mbili. Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria ninyi. Orodha inayotaja namba na urefu wake bila kusema wapi namba mbili zinachangia lami inamwacha kila msomaji akisie. Mmoja atajumlisha kijinga, mwingine atapunguza kijinga.

Kosa la kujumlisha lipo, tena kwa wakubwa. Chukueni mtandao wa barabara kuu za Afrika unaoratibiwa na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Ni njia tisa. Namba 4 imeandikwa kilomita 10,228, namba 8 kilomita 6,259, na nyingine saba kila moja na urefu wake. Jumla inayotajwa kila mahali ni kilomita 56,683. Jumapili moja nilikaa na kalamu nikazijumlisha zote tisa, moja baada ya nyingine: 8,636, 4,504, 10,808, 10,228, 4,496, 4,219, 4,010, 6,259, 3,523. Nikapata 56,683 kamili, haikuzidi wala kupungua hata kilomita moja. Maana yake hakuna kilichopunguzwa popote njia mbili zinapokutana na kutembea pamoja. Kile kipande chetu cha Athi River kimo ndani ya namba 4 na kimo ndani ya namba 8, kwa hiyo katika jumla ile ya bara zima kimehesabiwa mara mbili. Kwa njia ndefu kama hizo kilomita 30 ni tone tu baharini, nakubali. Lakini namna ya kuhesabu ikishakuwa hiyo, makutano yote ya bara yanaingia kwenye mkumbo huo.

Naona dawa yake si kujumlisha namba halafu kuanza kupunguza. Kupunguza kunaonekana rahisi zikiwa namba mbili. Zikiwa tatu kwenye lami moja itabidi upunguze mara mbili. Zikiwa nne kama pale Athi River utapunguza mara tatu. Na ukisahau makutano moja tu, kitabu kizima kimeharibika bila mtu kujua. Anzeni na vipande badala ya namba. Kila kipande kutoka makutano hadi makutano kipimwe mara moja, kipewe jina lake na urefu wake, kiandikwe mara moja. Ukitaka jumla ya lami ya nchi, jumlisha vipande. Ukitaka urefu wa A8, okota vipande vyote ambavyo A8 inapitia. Ukitaka A2, okota vya A2, na hiki cha Athi River kiokote tena bila hofu. Mama yangu alikuwa akitunga shanga. Shanga moja unaweza kuipitisha nyuzi mbili, na kila uzi ukawa na haki ya kusema hiyo ni shanga yangu. Lakini siku ya kuhesabu shanga zilizomo kwenye kopo, ile ni moja.

Wenzetu wameshakutana na jambo hili, kila mmoja akatafuta njia yake. Uingereza wameamua kwamba kipande kimoja kina namba moja tu. Barabara ya pili ikifika hapo jina lake linakoma, kwenye vibao inaandikwa ndani ya mabano kuonyesha kwamba ukifuata huku utaikuta mbele. Jirani zetu Tanzania wamekaribia hapo kwa njia nyingine: T1 inatoka Dar es Salaam hadi Tunduma, lakini T2 ya kwenda Moshi na Arusha inaanzia Chalinze, na T3 ya kwenda Dodoma na Rusumo inaanzia Morogoro. Hakuna ubia, hakuna mzozo wa hesabu. Gharama yake ni kwamba abiria wa Dar hadi Arusha akiuliza urefu wa T2 atapewa jibu ambalo halimfikishi Dar, na dereva mgeni atakayeambiwa "shika T2" akiwa Ubungo atazunguka mpaka kesho.

Marekani ndiko nilikokuta mfano ulionifurahisha. Karibu na mji wa Wytheville, jimbo la Virginia, barabara za 77 na 81 zinachangia lami kwa maili kama 8. Kichekesho ni kwamba zinachangia kinyumenyume: anayeendesha 77 kuelekea kaskazini, papo hapo yuko kwenye 81 kuelekea kusini, na kibao kinamwambia hivyo bila haya. Namba za matokeo, yaani mahali pa kutokea barabarani, hapo zinafuata 81. Ya 77 inanyamaza. Lakini hesabu yake haikufa. Inaachia kwenye tokeo la 32, na lami zao zinapotengana inaendelea na 40. Zile maili 8 zilihesabiwa kimyakimya chini ya jina la mwenyeji. Huo ndio uungwana ninaoutaka: mgeni akiingia nyumba ya watu anavua viatu, lakini umri wake hausimami.

Sasa tazameni kwetu kunavyozidi kuwa na mambo. Tangu 2022 tuna barabara ya kulipia, Nairobi Expressway, kilomita 27 na kidogo, inayoanzia Mlolongo, ikapanda juu ya nguzo na kuishia Westlands. Sehemu kubwa yake inafuata lami ninayoizungumzia, mahali pengine katikati yake na mahali pengine juu yake. Mtu wa ramani akitazama kutoka angani ataona mstari mmoja. Atasema, huu ubia tumeshauhesabu, tuupunguze. La hasha! Hapo kuna lami mbili tofauti, kila moja ina mashimo yake, mitaro yake na taa zake. Hizo lazima zihesabiwe zote mbili. Kwa hiyo katika eneo lilelile tuna namba mbili ambazo ni lami moja, na mstari mmoja ambao ni lami mbili. Asiyejua hili atakosea pande zote.

Kisha kuna leni. Kilomita moja ya barabara ya leni mbili tu kule Laisamis, Marsabit, si sawa na kilomita moja ya Mombasa Road yenye magari yanayoenda upande huu na kurudi upande ule, kila upande na leni zake. Mwenye kupaka rangi na kuziba viraka anahitaji kujua leni. Abiria hazimhusu. Hili mnalijua kuliko mimi, kwa hiyo nalipita.

Lakini suala la fedha silipiti. Kila lita ya mafuta tunayonunua ina shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Zilikuwa 18 mpaka zilipopandishwa mwaka 2024. Lori langu likiwa na mzigo linakunywa takriban lita moja kwa kila kilomita mbili. Zile kilomita 30 ni lita 15, yaani shilingi 375 za ushuru kwa kupita mara moja. Likipita mara mbili ni 750. Pampu haijawahi kuniambia kwamba barabara ni moja kwa hiyo mara ya pili ni bure. Pampu inajua safari. Fedha hizo zinapogawanywa na kupelekwa kwenye matengenezo, hapo ndipo lami inatakiwa ijulikane, na ijulikane mara moja tu. Kipande kikiandikwa mara mbili kitaonekana kina haki ya viraka mara mbili, na mahali fulani, huenda Marsabit, kuna kilomita 30 zitakazokosa. Kikisahauliwa kwa kuwa kila upande unadhani ni cha mwenzake, ndiyo mbaya zaidi. Sisemi yametokea. Nasema jedwali lisiloonyesha ubia halina njia ya kuonyesha kwamba hayakutokea.

Niwaeleze na jambo la usiku mmoja. Dereva wetu alikatikiwa na shafti kati ya Athi River na Mlolongo, saa nane za usiku, mvua inanyesha, lori limeziba leni moja. Taniboi, msaidizi wake, akanipigia. Nikamuuliza, uko kilomita ya ngapi? Akacheka, nikamsikia kabisa akicheka kwenye mvua. "Ya kutoka wapi, bosi? Ya Mombasa ama ya Namanga?" Hakuwa na ujeuri. Lilikuwa swali la maana kuliko langu. Kwa hesabu ya Mombasa alikuwa mahali pa mia nne na sitini na kitu. Kwa hesabu ya Namanga alikuwa mia moja na arobaini na kitu. Kwa hesabu ya Nairobi ishirini na kitu. Mwishowe nikamwelekeza fundi kwa lugha tunayoielewa sote: ukishapita mzani wa Mlolongo kama unaenda Mombasa, utaona lori la buluu, kuna mtu anapunga tochi. Fundi alifika. Watu husema Mlolongo wenyewe ulipata jina kwa foleni ya malori pale mzanini, na kwa kweli jina hilo limetusaidia kuliko namba zote.

Watu wetu hawachukii vipimo. Nakuru ukishika njia ya Nyahururu utapita Maili Sita na Maili Kumi, Eldoret kuna Maili Nne, na hata Kibaha kule Tanzania kuna Maili Moja. Maili tuliziacha zamani tukahamia kilomita, majina yakakataa kuhama. Yalishika kwa sababu kila mmoja pale alijua yamehesabiwa kutoka wapi. Na pale Nairobi, Kenyatta Avenue karibu na Koinange Street, bado limesimama lile jiwe la kumbukumbu ya Galton-Fenzi, bwana aliyeendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926 kabla hapajawa na barabara ya kuitwa barabara. Jiwe hilo lilikuwa chanzo cha hesabu ya safari. Ukitoka hapo kwenda Mombasa ni umbali huu, ukitoka hapo kwenda Namanga ni umbali ule, na hakuna aliyegombana juu ya Athi River, kwa sababu jiwe lilijibu swali moja tu: kutoka hapa hadi kule.

Ninachoomba ni hiki. Kipande cha Athi River kiwe na mwenyeji mmoja katika kitabu cha lami, na mimi ningependekeza A8, kwa kuwa ndiyo iliyobeba malori mengi ya bandari. A2 iandikwe hapo kama mgeni, kwa jina lake kamili na bila kufichwa. Nguzo za kilomita zifuate mwenyeji peke yake, ili taniboi wa usiku asome nguzo moja na polisi, fundi na gari la wagonjwa wote waelewe. Hesabu ya A2 iendelee kimya, ikitokeza upande wa Thika iwe imejumlisha kilomita zake zote, kama ile 77 ya Virginia. Na jedwali mnalochapisha liwe na urefu wa njia, kisha kando yake lami inayohesabiwa chini ya namba hiyo, na pale tofauti ilipo muandike imetoka wapi. Mstari mmoja unatosha: "Athi River hadi Nairobi, kilomita kadhaa, imehesabiwa chini ya A8." Mstari huo ungeniokolea mimi kilomita 1,200.

Mkitengeneza, msisahau kuandika na namba za zamani kando kwa miaka michache. Madereva wangu wazee bado wanasema A104, na ankara zinazobishaniwa zimeandikwa A104.

Najua mtaniambia malori mengi ya Malaba siku hizi hayaingii mjini, yanakata Southern Bypass karibu na Ole Sereni na kutokea Kikuyu. Kweli kabisa, na ndiyo sababu nyingine ya kuhesabu kwa vipande: lori linakwenda A8 bila kukanyaga A8 yote, na mimi natakiwa kulilipisha mahali lilipopita, si mahali namba ilipopita.

Ninazo daftari za spidomita za malori matatu kwa miaka sita, kila safari na kila makutano, zimeandikwa kwa mkono na madereva wenyewe. Zina madoa ya mafuta na chai, na tairi likiwa limekwisha spidomita inadanganya kidogo, lakini ni nyingi na zinakubaliana. Mkizihitaji nitawaletea bure. Mkitaka kupima wenyewe, lori letu huondoka Athi River Jumanne saa kumi na moja alfajiri, na nafasi ya abiria mmoja mbele ipo.

Wenu,
Karani wa malori, Athi River